Kabla ya kutia sahihi digrii mbili na ng'ambo, tuambiwe nani atalipa mwaka wa nne

Picha hiyo unaijua. Meza ndefu, bendera mbili ndogo, kalamu mbili, naibu chansela wetu upande huu na mgeni upande ule. Wanatia sahihi, wanabadilishana faili, wanapeana mikono huku macho yakiwa kwa kamera. Kufikia jioni picha iko kwenye ukurasa wa chuo: ushirikiano mpya, fursa mpya, digrii mbili kwa mpigo mmoja. Makomredi wanamwaga emoji za moto.

Sasa ngoja miaka minne ipite. Rudi uulize ni wanafunzi wangapi walivuka, wangapi walirudi na wangapi wana vyeti vyote viwili mkononi. Uone kama kuna ofisi itakayokujibu.

Mimi sipingi digrii mbili. Napinga sherehe isiyo na bajeti. Maanake mkataba wa vyuo viwili hauvunjiki siku ya sahihi. Unavunjika kimya kimya mwaka wa tatu au wa nne, mfadhili akishaondoka, yule profesa aliyekuwa akiujali akishastaafu, na komredi mmoja akiwa amekwama katikati. Nusu ya yuniti zake ziko Nairobi, nusu ziko ng'ambo, na hakuna chuo kinachotaka kumpa cheti.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Kuna shahada ya pamoja, ambapo vyuo viwili au zaidi vinatoa cheti kimoja chenye majina ya wote. Halafu kuna digrii mbili: unasoma programu moja iliyopangwa na vyuo viwili, muda fulani hapa, muda fulani kule, kisha kila chuo kinakupa cheti chake. Hii si sawa na kwenda kutembea semesta moja na kurudi na picha za theluji. Hapa cheti cha pili kinategemea kila yuniti uliyofanya kukubaliwa na pande zote mbili.

Utamu wake unaeleweka. Unapata walimu wa nchi mbili, pengine lugha mpya, na watu wa kukufungulia milango pande zote. Kwa kijana wa mtaani ambaye mjomba wake si mkurugenzi mahali, hilo si jambo dogo. Ndio sababu inauma likifanywa ovyo.

Wako waliolifanya vizuri. Ufaransa na Ujerumani zilipigana vita vikubwa mara tatu kati ya 1870 na 1945. Mwaka 1997 nchi hizo hizo zilikubaliana mjini Weimar kuunda Chuo Kikuu cha Kifaransa na Kijerumani, chenye makao yake Saarbrücken, karibu na mpaka. Jina lisikudanganye. Si kampasi yenye kumbi zilizojaa wanafunzi. Ni taasisi inayounganisha vyuo vya pande zote mbili: inafadhili programu zao za digrii mbili, na inazikagua kabla ya kuendelea kuzipa pesa. Serikali hizo mbili zinachangia nusu kwa nusu. Programu ziko takriban 200, na wanafunzi takriban 6,000.

Angalia walivyoipanga. Mwanafunzi anakaa pande zote mbili, na akiwa upande wa pili anapewa posho ya kila mwezi. Masomo yamepangwa pamoja ili asilazimike kuongeza mwaka mzima kurudia yaliyokwisha. Na pesa hazitoki kwa mfadhili mmoja ambaye akibadilisha mawazo kila kitu kinaanguka. Kila upande una shilingi yake mezani, kwa hivyo kila upande una sababu ya kulinda meza.

Sasa tuje nyumbani.

Mkenya anayetaka kwenda kusoma Ujerumani anatakiwa kuonyesha kwamba ana pesa za kujikimu kabla ya kupewa visa. Kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka, na wengi huziweka kwenye akunti maalum ambayo inaachilia euro 992 kila mwezi. Piga hesabu kwa shilingi: ni zaidi ya milioni moja na nusu. Hapo hujanunua tikiti ya ndege wala koti. Mwenye barua ya ufadhili kamili anapita. Asiye nayo, mkataba wa chuo chake hata ukiwa na sahihi kumi haumsaidii kitu pale ubalozini.

Ndio, kuna ufadhili mzuri. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza 2004, inalipia shahada za uzamili zinazosomwa katika vyuo vya nchi kadhaa, na aliyechaguliwa anapata euro 1,400 kila mwezi. Wakenya wamefaidika, na wewe ukiwa na alama nzuri omba. Lakini tusijidanganye. Hiyo ni ya uzamili, ni ya wachache, na muungano wa vyuo hupewa pesa kwa awamu. Awamu ikiisha unaomba upya kama wengine. Chuo kinachojenga programu yake yote juu ya ufadhili wa aina hiyo ni kama mtu anayepanga nyumba kwa pesa za chama. Zamu yako ikipita, kodi bado iko.

Hili la pesa nalisema kwa uchungu kidogo. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na haikuwa mamilioni, ilikuwa salio la semesta moja. Kwa hivyo nikisikia chuo kikitangaza programu ambayo mwanafunzi "atagharimia usafiri na malazi yake", nasikia tangazo la watoto wa matajiri. Waseme hivyo waziwazi, wasiite fursa kwa vijana wa Kenya.

Pesa zikipatikana, bado kuna kalenda. Hapa ndipo mambo huharibika na hakuna anayepiga picha. Vyuo vya Ujerumani huanza mihadhara ya majira ya baridi mwezi Oktoba, na ya kiangazi mwezi Aprili. Vyuo vyetu vingi vinapanga semesta ya Septemba hadi Desemba, kisha Januari hadi Aprili. Ukiangalia kwenye karatasi, mtu anaweza kumaliza hapa Desemba, akaenda kule Aprili. Sawa. Lakini mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kuanzia Septemba hadi mapema Novemba, siku 49, wakidai Sh7.9 bilioni walizokuwa wanadai serikali kwa miaka. Siwalaumu wahadhiri hata kidogo. Mtu akifanya kazi alipwe. Nauliza tu: komredi aliyekuwa avuke na semesta nzima, kule wangemngoja? Mwenzake wa Munich ameshafanya mtihani, yeye bado anangoja somo la kwanza.

Halafu kuna alama. Kila komredi wa Kenya anajua habari ya alama zinazopotea. Ulifanya mtihani, ulitia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, lakini kwenye transkripti kuna pengo. Unazunguka idara kwa idara hadi wiki ya mahafali. Sasa chukua mfumo huo uuunganishe na wa Ulaya, ambako mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60, na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, zikihesabiwa pamoja na kusoma peke yako. Sisi tunahesabu kwa yuniti na saa za darasani. Lazima mtu akae chini, yuniti kwa yuniti, aandike: hii ya kwenu ni sawa na hii ya kwetu, alama hii ni sawa na hii. Hiyo ni kazi ya miezi. Haina kitambaa cheupe wala kalamu ya dhahabu. Isipofanywa kabla ya mwanafunzi wa kwanza kuvuka, ataifanya mwanafunzi mwenyewe, kwa machozi, akipanga foleni.

Tuseme basi pesa ziko, kalenda imekubali, alama zimefika. Umerudi na vyeti viwili. Je, vitakula? Yaani, vitakupa kazi hapa?

Wahandisi watakuambia. Zaidi ya vijana 100 waliosomea uhandisi katika vyuo vikuu vya umma, hapa hapa Kenya, walikataliwa kusajiliwa na bodi ya wahandisi kwa madai kwamba kozi zao hazikuwa zimeidhinishwa. Kesi yao ilipanda hadi Mahakama ya Juu, na hukumu ikatoka 2018. Fikiria vizuri: chuo ni cha serikali, bodi ni ya serikali, na bado mwanafunzi ndiye aliyebaki katikati kwa miaka. Kama hilo liliwezekana ndani ya mipaka yetu, nini kitatokea kwa digrii ambayo nusu yake ilisomwa ng'ambo? Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, lazima iwe imeitambua. Ukisomea sheria, udaktari au uhandisi, kuna pia baraza la taaluma. Watu hawa wanafaa kuwa kwenye meza kabla ya sahihi. Kuwaita baada ya malalamiko ni kuchelewa.

Jambo jingine halipendwi kutajwa, kwa sababu ni kama kuzungumzia talaka siku ya harusi. Ushirikiano ukifa, nani anamlinda aliye ndani?

Mwaka 2011 Yale ya Marekani na Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Singapore, NUS, walitangaza kuanzisha chuo cha pamoja, Yale-NUS. Kilifunguliwa 2013. Hiki hakikuwa cha digrii mbili, cheti kilitoka NUS, lakini kilikuwa na kila kitu ambacho sisi tungekiita baraka: jina kubwa, pesa, majengo mapya. Agosti 2021 NUS ikatangaza kwamba kitafungwa 2025. Yale ikasema kama ni wao, wangependelea kuendelea. Lakini mkataba wa mwanzo ulikuwa umeacha mlango wa kutoka mwaka huo wa 2025.

Wanafunzi walikasirika, na walikuwa na haki. Lakini tazama kilichofuata. Waliokuwa ndani waliachwa wamalize, hata wale walioingia mwaka huo wa 2021, na chuo kikafungwa baada yao kuhitimu. Funzo ni kwamba hata majina makubwa huachana. Tofauti ni kama kuna mpango wa kumalizia walioanza. Mikataba yetu ina kipengele hicho? Kama kipo, mwanafunzi aonyeshwe kabla hajalipa.

Kabla hujaniambia Mkenya hawezi, panda basi uende Eldoret. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Moi na shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Indiana vimekuwa na urafiki ambao haujaishia kwa picha. Wanafunzi wa udaktari wa Indiana huja kufanya mazoezi Hospitali ya Rufaa ya Moi, na wanafunzi wa Moi huenda Indianapolis. Indiana imekuwa ikimweka daktari wake akiishi Eldoret kabisa, si mgeni wa wiki moja. Ukimwi ulipokuwa ukimaliza watu, urafiki huo ndio uliozaa AMPATH mwaka 2001, mpango wa matibabu uliofikia watu wengi sana magharibi mwa Kenya. Hawatoi digrii mbili. Lakini wana kile ambacho digrii mbili inahitaji zaidi: watu wanaojuana kwa miaka, na njia inayopitika kutoka pande zote.

Hilo la pande zote ndilo kipimo changu kikubwa. Ushirikiano ambapo sisi tunapeleka wanafunzi na wao wanaleta vyeti si ushirikiano, ni duka. Kama hakuna hata mwanafunzi mmoja wa kwao anayetaka kuja kukaa mwaka kwetu, jiulize tunauza nini. Na kuna ambao wangekuja. Anayetaka kuelewa pesa za simu atajifunza wapi vizuri kuliko Nairobi, mji ambao M-Pesa ilizinduliwa 2007? Anayesomea Kiswahili, wanyamapori, kilimo cha nchi kavu au mvuke wa Olkaria, tuna darasa ambalo Ulaya haina. Tukilipanga vizuri tutakaa mezani kama wenye mali, si kama waombaji.

Sasa pendekezo langu, na najua wengine watacheka. Tuanze na jirani.

Historia iko. Miaka ya sitini mapema, mwanafunzi wa Royal College Nairobi alikuwa akisomea digrii ya Chuo Kikuu cha London. Kisha kuanzia 1963 hadi 1970 kukawa na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kikiunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Uganda ilikuwa na udaktari, Kenya uhandisi, Tanzania sheria. Mkenya aliyetaka kuwa wakili alienda Dar, na Mtanzania aliyetaka kuwa mhandisi alikuja Nairobi. Kilivunjika kwa sababu kila nchi ilitaka chuo chake na kozi zake zote. Hatukukosa akili wakati ule wala barabara. Kila mmoja alitaka bendera yake juu ya jengo.

Leo mambo ni rahisi kuliko wakati huo. Mkenya anaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho tu, bila visa na bila akunti ya euro. Basi la usiku linakutoa Nairobi na kukufikisha Kampala asubuhi. Kuna baraza la vyuo vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao Kampala, kuna mfumo wa kulinganisha sifa za elimu ya juu uliopitishwa 2015, na Mei 2017 marais walitangaza kanda hii kuwa eneo moja la elimu ya juu. Wahandisi wa Kenya, Uganda na Tanzania walitia sahihi makubaliano ya kutambuana mwaka 2012. Karatasi ziko. Kilichobaki ni vyuo viwili vichague kozi moja, wanafunzi ishirini, na waanze.

Utaniambia Makerere si Munich, na mwajiri wa Westlands anataka kuona jina la Ulaya. Sawa, nimekusikia. Lakini mwajiri huyo huyo ana ofisi Kampala, Kigali na Dar, na anatafuta mtu anayejua sheria na soko la huko. Wahitimu wenye digrii za Nairobi na Dar, wanaojua kodi za nchi zote mbili, wako wangapi? Tena programu ya jirani ikikwama, mwanafunzi anapanda basi anarudi nyumbani. Ile ya ng'ambo ikikwama, visa inaisha na mtu anaishi kwa kujificha.

Wengine watasema digrii za ng'ambo zinatuibia vijana, kwamba wakivuka hawarudi. Mimi siamini kumfungia kijana ndani ni dawa. Anayerudi anarudi kwa sababu kuna kitu cha kurudia. Programu inayomlazimisha kumalizia mwaka wa mwisho hapa, na utafiti wake kuhusu jambo la hapa, tayari imempa sababu moja.

Kwa hivyo kwa manaibu chansela, ombi letu ni fupi. Msitie sahihi mpya kabla ya kutuambia zile za zamani zimezaa nini. Chapisheni idadi ya waliovuka na waliohitimu. Kila mkataba uwe na jedwali la yuniti, barua ya CUE, bajeti ya miaka mitano ambayo angalau sehemu yake ni pesa zenu wenyewe, na kipengele cha kuwamalizia walioanza. Na serikali iruhusu mkopo wa HELB umfuate mwanafunzi anapovuka mpaka kwa programu iliyoidhinishwa. Semesta ya Kampala isiwe adhabu kwa mtoto wa mama mboga.

Na kwako wewe uliyepewa fomu ya digrii mbili na unaona nyota: uliza maswali haya kabla ya kujaza. Nani analipa nikiwa kule, na pesa hizo zinaisha lini? Yuniti zangu zimekubaliwa wapi, nionyeshe orodha. Bodi ya taaluma yangu inasemaje, kwa maandishi? Chuo kimoja kikijitoa, nitamalizia wapi? Na nani aliwahi kuhitimu kwa programu hii, nimpigie simu leo?

Wakikujibu yote matano, jaza fomu mbio. Wakikuambia "hayo yatashughulikiwa", shika kalamu yako uende nayo nyumbani.